Rwanda: Nchi ndogo, mbuga nne na gharama ya kila ekari

MSAFIRI anayetoka Kigali kwa barabara kuelekea Musanze, kaskazini mwa Rwanda, hukaa garini saa mbili hivi na ni nadra kuona kipande cha ardhi kisicholimwa. Viazi, maharagwe, mahindi na migomba vimeparamia kila kilima hadi kileleni, na palipo na mteremko mkali wakulima wamechonga matuta kama ngazi. Kisha, karibu na milima ya Virunga, mashamba hukoma ghafla. Hapo pana ukuta mfupi wa mawe. Ng'ambo ya ukuta huo unaanza msitu wa mianzi unaopanda hadi kwenye ukungu unaofunika vilele vya volkano.

Ukuta huo ulijengwa ili kuwazuia nyati wasiingie mashambani, lakini pia unaonyesha wazi tatizo ambalo Rwanda imekabiliana nalo kwa karibu karne moja. Nchi hii ina ukubwa wa kilomita mraba 26,338. Kwa Mkenya, ulinganisho rahisi ni Tsavo: mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zikiunganishwa hukaribia kilomita mraba 22,000, yaani pungufu kidogo tu ya Rwanda nzima. Ilhali katika eneo hilo, sensa ya mwaka wa 2022 ilihesabu watu milioni 13.2, takriban watu 500 kwa kila kilomita mraba.

Hata hivyo, taifa hilo limetenga mbuga nne za kitaifa: Volkano, Akagera, Nyungwe na Gishwati-Mukura. Zikijumlishwa, zinachukua takriban asilimia tisa ya nchi. Zote nne zimewahi kumegwa, kuvamiwa au kupoteza baadhi ya wanyama wake. Kwa hivyo, anayezizuru leo huona mandhari ya kupendeza, lakini pia huona ardhi ambayo watu waliihitaji, wakaitwaa, na katika baadhi ya sehemu wakalazimika kuirejesha.

Volkano: Gorila na pareto

Mbuga ya Kitaifa ya Volkano ina kilomita mraba 160 pekee, lakini ndiyo maarufu zaidi. Asili yake ni Mbuga ya Albert, iliyoanzishwa mwaka wa 1925 wakati wa utawala wa Wabelgiji na kupewa jina la mfalme wao. Hiyo ndiyo mbuga ya kwanza ya kitaifa barani Afrika. Mataifa ya eneo hilo yalipojipatia uhuru, mbuga iligawanyika: sehemu moja ikabaki Congo na nyingine Rwanda. Upande wa Uganda, msitu wa milima hiyo hiyo unahifadhiwa katika mbuga ya Mgahinga.

Milima mitano ya volkano hupakana na mashamba ya Rwanda kaskazini magharibi. Karisimbi ndio mrefu zaidi, ukiwa na mita 4,507. Muhabura, wenye umbo la pia iliyopinduliwa, una mita 4,127. Bisoke una ziwa kileleni, ndani ya kasoko ya volkano. Sabyinyo, ambao jina lake hutokana na neno la Kinyarwanda lenye maana ya meno, una vilele vilivyochongoka kama kinywa cha mzee aliyepoteza baadhi ya meno, na juu yake mipaka ya Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo hukutana. Wa tano ni Gahinga, ulio mfupi kuliko yote.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mbuga hii ilipata pigo kubwa. Kiasi cha kilomita mraba 100 za msitu, takriban asilimia 40 ya mbuga ya wakati huo, zilifyekwa ili wakulima wapande pareto, maua yanayotengenezewa dawa ya kuua wadudu na ambayo wakati huo yalikuwa na soko Ulaya. Kilichokatwa kilikuwa sehemu ya chini ya msitu, penye malisho mengi na baridi isiyo kali. Gorila wakasukumwa juu mlimani.

Katika kipindi hicho hicho, mtafiti Mmarekani Dian Fossey alikuwa ameanzisha kituo cha utafiti cha Karisoke, kati ya milima ya Karisimbi na Bisoke, mnamo Septemba 1967. Alihesabu gorila mmoja mmoja, akawapa majina na kupambana waziwazi na majangili waliotega mitego ya nyaya. Mwezi Desemba mwaka wa 1985 aliuawa ndani ya nyumba yake kambini. Sensa ya mwaka wa 1981 ilikuwa imeonyesha kwamba milima yote ya Virunga ilikuwa imebakisha gorila wapatao 250.

Leo hali ni tofauti. Sensa ya mwaka wa 2015 hadi 2016 ilihesabu gorila 604 katika milima hiyo. Ukijumlisha na wale wa msitu wa Bwindi nchini Uganda, waliohesabiwa mwaka wa 2018, idadi ya gorila wa milimani hufika 1,063. Mnamo Novemba 2018, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira uliwaondoa kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kuangamia na kuwaweka katika daraja ya chini yake. Ongezeko hilo lilipatikana licha ya vita vilivyoanza mwaka wa 1990, mauaji ya halaiki ya mwaka wa 1994 na mapigano yaliyofuata, ambapo milima hii ilitumiwa kama maficho ya wapiganaji.

Fauka ya ulinzi, idadi hiyo imetokana na fedha za utalii. Tangu Mei 2017, mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola 1,500 za Marekani ili kutazama gorila kwa saa moja, maradufu ya bei ya awali ya dola 750. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiasi kidogo zaidi. Kundi moja la wageni halizidi watu wanane, nao hutakiwa kusimama mbali na wanyama hao, kwa kuwa gorila huambukizwa kwa urahisi magonjwa ya binadamu, hata mafua ya kawaida.

Akagera: Simba waliotoweka na kurudi

Mashariki mwa Rwanda, mpakani na Tanzania, nchi hubadilika. Vilima hulala, joto hupanda na nyika ya migunga hutandaa hadi kwenye msururu wa maziwa na vinamasi vya mafunjo vinavyolishwa na mto Kagera, mkubwa zaidi kati ya mito inayomwaga maji katika Ziwa Victoria. Hapa ndipo penye mbuga ya Akagera, iliyoanzishwa mwaka wa 1934.

Kwa miongo sita Akagera ilikuwa na zaidi ya kilomita mraba 2,500. Baada ya mwaka wa 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi walirudi nyumbani kutoka Uganda, Tanzania na kwingineko, wengi wao wafugaji waliokuja na mifugo yao. Hawakuwa na mahali pa kwenda. Mwaka wa 1997 serikali ilipitisha mipaka mipya, na zaidi ya nusu ya mbuga ikagawiwa watu. Iliyobaki ina kilomita mraba 1,122.

Ni vigumu kumlaumu mkimbizi aliyepewa shamba baada ya kuishi ugenini miaka 30. Lakini wanyama nao walilipa. Simba walipowashambulia ng'ombe, wafugaji waliwatilia sumu, na miaka michache baadaye hakukuwa na simba hata mmoja. Kifaru mweusi wa mwisho alionekana mwaka wa 2007.

Mageuzi yalianza mwaka wa 2010, pale serikali ilipoingia katika ubia na shirika la African Parks la kusimamia mbuga kwa pamoja. Ua wa umeme wa kilomita 120 ulijengwa upande wa magharibi na kukamilika mwaka wa 2013. Wanyama wakabaki ndani, ng'ombe wakabaki nje, na malalamiko ya wakulima yakapungua. Mwaka wa 2015 simba saba waliletwa kutoka Afrika Kusini. Vifaru weusi 18 walifuata mwaka wa 2017, kisha wengine watano waliozaliwa katika bustani za wanyama za Ulaya waliwasili mwaka wa 2019. Mwaka wa 2021 walishushwa vifaru weupe 30, na mwaka wa 2025 wengine 70, wote kutoka Afrika Kusini.

Mbali na hao, Akagera ina ndovu, nyati, viboko, mamba, pundamilia na swara wa aina nyingi. Ndovu wake wana historia ya kipekee: mwaka wa 1975, ndovu wachanga 26 walihamishwa hadi hapa kutoka Bugesera, kusini mwa Kigali, baada ya wazazi wao kuuawa ili kupisha mashamba. Twiga nao si wenyeji. Waliletwa kutoka Kenya mwaka wa 1986 na wamezaliana tangu wakati huo.

Mpenda ndege hatajuta kuabiri mashua katika Ziwa Ihema, kubwa kuliko maziwa yote ya mbuga hiyo. Katika vinamasi, mwenye subira huenda akabahatika kumwona yule ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye ni nadra kuonekana kokote duniani.

Nyungwe: Mahali maji yanapogawanyika

Kusini magharibi, barabara kutoka Huye kwenda Rusizi hupenya katikati ya Nyungwe, msitu wa milimani wenye kilomita mraba 1,019. Ulifanywa msitu wa akiba mwaka wa 1933 na kupandishwa hadhi kuwa mbuga ya kitaifa katikati ya miaka ya 2000.

Sehemu yake ya juu ndiyo mgawanyo wa maji ya mito miwili mikuu ya Afrika. Tone linaloanguka upande wa magharibi huelekea Ziwa Kivu au mto Rusizi, likapitia Ziwa Tanganyika na hatimaye kufika mto Congo na bahari ya Atlantiki. Linaloanguka upande wa mashariki huingia mto Nyabarongo, kisha Kagera, Ziwa Victoria na mto Nile, hadi bahari ya Mediterania. Wapo wapelelezi wanaoshikilia kuwa chemchemi ya mbali zaidi ya Nile imo ndani ya msitu huu.

Nyungwe ina aina 13 za nyani na jamaa zao, wakiwemo sokwe na mbega wanaotembea katika makundi ya mamia kadhaa, jambo lisilo la kawaida kwa jamii hiyo ya wanyama. Aina za ndege ni zaidi ya 300, na baadhi yao hupatikana tu katika milima ya eneo hili la Afrika. Tangu mwaka wa 2010, mgeni anaweza kupita kwenye daraja jembamba linaloning'inia zaidi ya mita 50 juu ya bonde, akiwa sambamba na vilele vya miti.

Hata hivyo, msitu huu haukusalimika. Ndovu wa mwisho aliuawa mwaka wa 1999 katika kinamasi cha Kamiranzovu. Nyati walikuwa wametangulia kumalizwa. Moto uliowashwa na warina asali uliteketeza sehemu kubwa katika miaka ya ukame, na hadi leo makovu yake yanaonekana kwenye baadhi ya miteremko. African Parks ilianza kushiriki katika usimamizi mwaka wa 2020, na mnamo Septemba 2023 shirika la UNESCO liliutambua msitu huo kuwa sehemu ya Urithi wa Dunia, eneo la kwanza la maumbile la Rwanda kuwekwa katika orodha hiyo.

Gishwati-Mukura: Msitu uliokaribia kwisha

Mbuga changa na ndogo zaidi ndiyo inayotoa funzo kubwa. Msitu wa Gishwati, kaskazini magharibi, ulikuwa na zaidi ya kilomita mraba 200 katika miaka ya 1970. Miradi ya ufugaji na upanzi wa misonobari katika miaka ya 1980 ilikula sehemu kubwa, na wakimbizi waliohitaji makao baada ya 1994 wakamaliza karibu kila kilichobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, msitu wa asili ulikuwa umebakia takriban kilomita mraba sita.

Ardhi ya huko ni ya miteremko mikali na mvua ni nyingi. Mizizi ilipoondoka, udongo nao ukafuata. Mto Sebeya, unaoanzia katika milima hiyo na kuteremka hadi Ziwa Kivu, ukawa na mazoea ya kuvunja kingo zake. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na zaidi ya watu 130 wakafariki. Mvua ya kiasi hicho ingeleta madhara hata penye miti, lakini wakazi wa bonde la Sebeya walikuwa wameonywa kwa miaka mingi kuhusu hatari ya milima iliyo uchi.

Upanzi wa miti ya kiasili ulianza kabla ya janga hilo. Mwaka wa 2016, Gishwati na msitu jirani wa Mukura viliunganishwa kisheria kuwa mbuga ya kitaifa yenye takriban kilomita mraba 34, ingawa vipande hivyo bado vimetenganishwa na mashamba. Wageni walianza kupokelewa mwaka wa 2020. Sokwe waliosalia Gishwati, ambao hawakufika 20 mwaka wa 2008, wameongezeka.

Kinamasi kilichozima taa

Nje ya mbuga nne, mandhari ya Rwanda ina mambo mengine ya kuzingatiwa. Mfano ni kinamasi cha Rugezi, karibu na mpaka wa Uganda. Maji yake huchuruzika polepole hadi katika maziwa pacha ya Burera na Ruhondo, na kati ya maziwa hayo kuna kituo cha umeme cha Ntaruka, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950.

Wakulima walipochimba mitaro ili kukausha kinamasi na kulima, maziwa yalishuka. Kufikia mwaka wa 2004 uzalishaji wa Ntaruka ulikuwa umeanguka, Kigali ikakumbwa na giza, na serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli kwa bei ghali. Wakulima waliondolewa, kingo zikapandwa mianzi na nyasi, na maji yakarudi pamoja na korongo taji. Pengine hakuna mahali pengine Afrika Mashariki ambapo uhusiano wa mazingira na taa ya nyumbani ulidhihirika kwa haraka hivyo.

Magharibi kuna Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na lenye kina kinachozidi mita 470. Chini yake kumeyeyuka gesi ya methani, ambayo sasa huvunwa ili kuzalisha umeme. Miji ya Rubavu, Karongi na Rusizi imejengwa ufuoni, na njia ya kilomita 227 kwa waendao kwa miguu au baiskeli huiunganisha.

Kwa msafiri kutoka Kenya

Tangu mwaka wa 2014, Mkenya anaweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha kitaifa. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo yenye mvua chache zaidi, ikifuatwa na kipindi kifupi kati ya Desemba na Februari. Akagera na Volkano zinafikika kutoka Kigali kwa saa mbili hadi tatu, ilhali safari ya Nyungwe huchukua takriban nusu siku. Kibali cha gorila huhitaji kuombwa mapema. Nguo za mvua na viatu imara ni vya lazima, maadamu njia za milimani ni za matope hata wakati wa kiangazi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka wa 2008, na huzuiliwa mpakani.

Kuhusu lugha, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka wa 2017, na huzungumzwa zaidi mijini na maeneo ya mipakani.

Nani hulipa?

Tangu mwaka wa 2005, sehemu ya mapato ya mbuga hutengewa wakazi wa jirani. Ilianza kama asilimia 5 na kupandishwa hadi asilimia 10 mwaka wa 2017. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na matangi ya maji, na ipo hazina ya serikali inayomfidia mkulima aliyeharibiwa mimea na wanyamapori. Baadhi ya waliokuwa majangili sasa hubeba mizigo ya watalii au kuwaongoza.

Lakini mizani haijasawazika kwa wote. Watwa, walioishi misituni kwa kuwinda na kurina asali tangu kabla ya kuwepo mbuga yoyote, waliondolewa kwa vipindi mbalimbali, na wengi walibaki bila ardhi ya kulima. Mkulima wa viazi aliye kando ya ukuta wa mawe huona magari ya watalii yakipita kila asubuhi, na kiasi anacholipa mgeni mmoja kwa saa moja kinaweza kuzidi mapato yake ya mwaka.

Suala hilo sasa limerudi kwa uzito. Gorila wanapoongezeka katika eneo lisiloongezeka, makundi yao hugongana na kupigana, na watoto wao hufa. Kwa sababu hiyo, serikali imetangaza mpango wa kuipanua mbuga ya Volkano kwa asilimia 23, takriban kilomita mraba 37. Ardhi hiyo ni sehemu tu ya ile iliyofyekwa kwa ajili ya pareto zaidi ya miaka 50 iliyopita. Tangu wakati huo imekuwa makao ya maelfu ya familia, ambazo zitahitaji kuhamishiwa katika vijiji vipya vyenye nyumba, shule na njia nyingine ya kujikimu.

Akagera ilipopunguzwa mwaka wa 1997, watu walipewa ardhi ya wanyama. Katika Volkano, wanyama watapewa ardhi ya watu. Gorila watanufaika, na hilo halina shaka kubwa. Kipimo cha mpango huo kitakuwa hali ya familia zitakazovuka kutoka mashamba ya viazi kuelekea nyumba mpya: iwapo, miaka kumi baadaye, zitakuwa na riziki iliyo bora kuliko ile zilizoiacha kando ya ukuta.